Mfumo Ukiwa Chini, Sisi Twende Wapi?

Barua ya wazi kwa makatibu wakuu, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wafawidhi na wakuu wa vitengo vya TEHAMA

Waheshimiwa,

Wengi wenu ni wadogo kwangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea. Wachache walionizidi, shikamooni.

Mimi ni karani mstaafu. Miaka 31 nilikaa masijala, kazi yangu kupokea barua, kugonga muhuri, kufungua majalada, kuyatafuta, na kuambiwa nimeyapoteza mimi. Sasa naishi katika mji mdogo kando ya Reli ya Kati, nalima mpunga kidogo, na shughuli iliyobaki ni kusindikiza watu maofisini. Mtaani wanajua mzee huyu aliwahi kuwa serikalini, basi kila mwenye shida ya karatasi ananigongea mlango: "Mzee twende wote, wewe watakuelewa." Hawanielewi, ila naenda. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa nimesimama kwenye foleni.

Nianze na masika yaliyopita. Mama mmoja jirani yangu aliniamsha alfajiri, mtoto wake wa mwisho anachemka, macho yamelegea. Tukapanda bajaji mpaka hospitali, sitaitaja, tukafika saa moja na nusu. Dirisha la mapokezi lilikuwa na karatasi ya A4 iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MTANDAO UKO CHINI. TUNAOMBA RADHI. Mimi ni mtu wa karatasi, nikaitazama ile karatasi vizuri. Pembe zilikuwa zimegeuka rangi ya chai na selotepu ilikuwa imebandikwa juu ya selotepu nyingine. Maana yake haiandikwi upya kila siku. Inatunzwa mahali, ikihitajika inarudishwa.

Ndani alikaa kijana, mkono uko juu ya kipanya cha kompyuta, hakibonyezi. Mama akamwambia mtoto anachemka. Kijana akajibu kwa upole kabisa: "Mama, nakuelewa. Bila namba siwezi kumfungulia faili. Nisipomfungulia, daktari hamwoni, maabara hawamwoni, na dawa haitoki."

Daktari sisi tulikuwa tunamwona. Mlango wake ulikuwa wazi, amekaa, mikono mezani, hana mgonjwa. Sisi tuko hatua kumi kutoka alipo. Ila kwenye kompyuta yake hatukuwepo.

Saa nne kasoro akapita nesi mmoja mtu mzima anatoka wodini. Akamgusa mtoto shingoni, hakuuliza kitu, akamnyanyua. Tukamfuata kama kuku. Akamchoma kidole, tone moja la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kinataka dakika 15 hadi 20 na hakijawahi kuuliza mtandao wa mtu. Mistari miwili. Akatoa dawa mseto, akaandika jina, umri, kijiji na dozi kwenye daftari la kaunta, akampa mtoto kidonge cha kwanza palepale kwa kijiko cha maji. Kazi yote haikufika nusu saa. Tulipokuwa tunaondoka akanivuta pembeni: "Baba, usilisemee sana hili. Nitakuja kuulizwa hizi dawa zimetokaje."

Waheshimiwa, barua yangu yote imetoka kwenye maneno hayo ya nesi. Hakuogopa kazi, aliogopa kuulizwa.

Msije mkasema mzee huyu anataka turudi kwenye vumbi. Vumbi nalijua kuliko ninyi. Masijala ya zamani ilikuwa na panya, mchwa na watu. Panya na mchwa walikula karatasi, watu walikula kwa kupitia karatasi. Jalada lilipotea Jumatatu, likaonekana Jumanne baada ya mwenye shida kutoa hela ya soda. Nimefanya kazi na mhasibu aliyekuwa na vitabu viwili vya stakabadhi, kimoja cha serikali, kingine alichochapisha mwenyewe mjini. Mpaka wanamshika alikuwa ameshapaua nyumba ya pili. Kwa hiyo ulipokuja mfumo wa GePG mwaka 2017, malipo yakawa kwa ile namba ya tarakimu 12 tunayoiita kontroli namba na fedha zikawa zinakwenda kwenye akaunti ya serikali bila kulala kwenye droo ya mtu, mimi nilishangilia kijiweni mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimelipwa. Namba haipokei hela ya soda. Hilo mlifanya vizuri na nitalisema popote.

Lakini mlipoifunga droo, mlimfunga na karani. Leo akipokea shilingi nje ya mfumo ni mwizi. Akitoa dawa nje ya mfumo, hesabu ya stoo haitakaa sawa na atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni yeye. Akimwandikisha mtu kwa mkono, nani alimtuma? Basi mfumo ukizima anafanya jambo pekee lililo salama kwake: anakaa. Wananchi tunamtukana, tunamwita mvivu, tunampiga picha kwa simu na kumrusha mtandaoni. Mtoto wa watu mmemweka dirishani apokee matusi ya uamuzi ambao si wake. Yeye hana ruhusa ya kuamua, na mwenye ruhusa hayupo dirishani.

Ndiyo maana siandiki kwake, naandika kwenu. Kinachokosekana pale dirishani ni karatasi moja yenye saini yenu. Mnakumbuka waraka ulivyokuwa na nguvu? Nimeona waraka wa ukurasa mmoja ukibadilisha ofisi nzima kwa wiki moja. Andikeni: mfumo ukizima zaidi ya nusu saa, ofisa atatumia daftari hili, lenye kurasa zilizopigwa namba, ataandika hiki na hiki, atatoa huduma, mfumo ukirudi ataingiza, na msimamizi atasaini kila ukurasa. Asubuhi ile nesi alifanya hayo yote isipokuwa saini, na saini ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Ninyi wa afya mna pa kuanzia kuliko wengine wote. Vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia wagonjwa na huduma kwa mkono, viko makabatini tangu miaka ya 1990. Hakuna nesi wa zahanati asiyejua kuvijaza, na katika zahanati nyingi za vijijini bado ndivyo vinavyobeba kazi. Mtu aliyezoea kuandika wagonjwa 60 kwa siku kwenye MTUHA anaambiwa leo hawezi kuandika mmoja kwa sababu kompyuta imelala. Hapo mimi huwa nashindwa kuelewa.

Halafu tuzungumze hilo neno lenyewe, chini. Siku moja nilimnunulia chapati kijana wa dirisha la ofisi nyingine, si ile ya hospitali, tukakaa kwenye kivuli cha mwembe. Nikamuuliza kistaarabu, mwanangu, mfumo ukiwa chini unakuwa chini wapi? Akacheka mpaka akapaliwa. Akaniambia mwezi ule karatasi yao ya kuomba radhi ilipanda dirishani mara nne. Mara ya kwanza umeme ulikatika na jenereta haikuwa na dizeli. Mara ya pili bando la ofisi liliisha na aliyepaswa kuidhinisha manunuzi alikuwa likizo. Mara ya tatu mwenye neno la siri alikwenda semina Dodoma na simu hapokei. Mara ya nne ndiyo kweli, huko juu kulikuwa na tatizo. "Kwa hiyo mzee, mfumo wenyewe ulikuwa chini siku moja. Siku tatu tulikuwa chini sisi."

Nilimwongeza chapati ya pili.

Sasa mnaona ubaya wa ile A4? Ukiniambia umeme umekatika, naenda sokoni, narudi jioni. Ukiniambia mwenye neno la siri atarudi Ijumaa, narudi Ijumaa na nauli yangu naitunza. Ukiniambia mtandao uko chini, umeniambia nini? Nakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, naambiwa njoo kesho, na kesho nakuta karatasi ileile. Wekeni ubao. Saa tatizo lilipoanza, tatizo ni nini, nani amepigiwa na saa ngapi. Chaki haigharimu kitu. Mkiona aibu kuandika kwamba bando limeisha, basi nunueni bando mapema.

Siku ambazo ni kweli zipo, na sitawaonea. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, zile nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku intaneti ikatambaa kama konokono. Hilo haliwi kosa la halmashauri yoyote, bahari ni bahari. Ila siku zile nilikuwa najiuliza: mtoto wa kata ya jirani, anatibiwa hospitali ya wilaya hiihii, jina lake lina shughuli gani baharini? Vijana wenu wa TEHAMA wameniambia mfumo unaweza kukaa kwenye kompyuta kubwa ndani ya jengo, ukaendelea na kazi wenyewe, na taarifa zikapelekwa makao makuu mtandao ukirudi. Kama ni hivyo, mnaponunua mfumo swali hilo lilitakiwa liulizwe kabla ya bei. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa sheria ya mwaka 2019, na kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma ni kazi yake. Naomba kwenye fomu zao waongeze mstari mmoja tu: ukizima, mwananchi atahudumiwaje? Atakayeandika "atasubiri" arudishiwe fomu yake.

Hatuko peke yetu. Julai 2023 majirani zetu wa Kenya waliamka wakakuta eCitizen, tovuti yao ya huduma za serikali, imeshambuliwa, na waziri wao wa TEHAMA wakati ule, Eliud Owalo, akakiri hadharani. Mlango ule mmoja ulikuwa unapitisha huduma zaidi ya 5,000. Waliotaka tiketi za treni ya Nairobi kwenda Mombasa walihangaika, walioomba viza vilevile. Ila kuna jambo walilifanya ambalo nililiweka kichwani: serikali ilitangaza kwamba wageni wanaostahili viza ya mtandaoni wapewe viza wakifika. Yaani kuna mtu mwenye mamlaka aliketi akaamua, akasema, na ofisa wa uwanja wa ndege akawa na neno la kusimamia. Kwetu hapa, Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu na watu wakajaa kwenye ofisi za TANESCO kutafuta umeme, angalau ofisi zilikuwepo za kujaa. Kila mwaka naona tunafunga madirisha mengine na kubakiza simu tu.

Nirudi kwenye hiyo kesho, maana ninyi mnaitamka kwa wepesi sana. Kuna bibi mmoja anakaa kijiji cha ng'ambo ya mto. Bodaboda ni shilingi 6,000 kuja, 6,000 kurudi, na masika wanaongeza. Alipigwa kalenda mara mbili kwa sababu ya mtandao, mara ya tatu akapata. Shilingi 36,000 za nauli, kufuata karatasi ambayo ada yake ni 5,000. Siku tatu hakupalilia. Na kila alipokuja alianza foleni upya, nyuma ya watu walioamka wakiwa mjini. Hivi inashindikana nini kumwandikia namba kwamba huyu alikuwepo jana, leo aanze yeye? Hilo halihitaji hata waraka, linahitaji kalamu.

Lingine limempata rafiki yangu mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Alikwenda kulipia jambo lake siku ya mwisho. Mtasema angekwenda mapema, na mimi nilimwambia hivyohivyo, lakini siku ya mwisho nayo ni siku. Mfumo chini. Akakaa mpaka wanafunga. Asubuhi yake mfumo umeamka mzima wa afya, na cha kwanza ulichofanya ni kumpiga faini ya kuchelewa. Akaeleza. Akaambiwa, na naamini aliyemwambia alikuwa anasema ukweli: "Faini inaweka mfumo, mimi sina pa kuitoa." Mfumo huo unajua dakika uliyozima na dakika uliyowaka. Unashindwaje kuruka siku zake wenyewe unapohesabu za kwetu?

Na vidole. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu ni dada yangu. Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kabla ya ukomo wa tarehe 20 Januari 2020, nilimpeleka kwenye meza moja ya usajili. Dada yangu amelima tangu hajavunja ungo, na kiangazi anasuka ukili. Akaweka kidole gumba cha kulia, kikakataliwa. Cha kushoto, kikakataliwa. Binti wa mezani akamwambia, "Bibi futa na kitambaa." Akafuta. "Bibi paka mafuta kidogo." Akapaka. "Bibi sugua kwenye nywele." Akasugua, watu wa foleni wanacheka, na yeye anacheka nao kwa aibu. Binti alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki, alipitia vidole vyote kumi kimoja kimoja. Kilichosoma mwishowe ni kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho jembe haligusi na ukili hauhitaji.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mita tano kutoka pale. Anamjua dada yangu, anamjua marehemu mumewe, anajua mpaka jina la mbuzi wake. Kile kidole kisingesoma, mwenyekiti yule hakuwa na mahali pa kusaini. Tangu hapo nimeona mashine za vidole zikiongezeka kwenye meza nyingine, na kila meza wako wazee wanaopewa mafuta wapake. Wapangieni njia ya pili, na msiifanye njia ya kuomba kwa huruma. Iwe njia iliyoandikwa.

Kwenye kuta za ofisi zenu mmetundika Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Nimeisoma mingi, foleni zinanipa nafasi. Inaahidi siku za kujibu barua, lugha ya staha, mapokezi mazuri. Hakuna hata mmoja niliousoma ulioniambia nitendewe nini mfumo ukizima, ingawa hilo ndilo linalonikuta kuliko kuchelewa kwa barua. Mkiichapisha upya, aya moja inatosha.

Barua hii nilitaka kuituma kwa njia ya kisasa, kupitia ule ukurasa wa maoni ya wananchi. Mjukuu wangu alijaribu Jumatatu, ukurasa ukazunguka ukazunguka. Jumatano akajaribu tena, ukamdai namba ya uthibitisho ambayo haikuingia kwenye simu. Basi nimeichapa nakala tatu kwa fundi wa stesheneri, nikaipeleka kwa mkono. Masijala nimemkuta binti, mdogo kuliko mjukuu wangu. Kwanza akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi, akasema, "Babu, leo inasumbua." Nikasema najua. Akavuta droo ya chini kabisa, akatoa buku kubwa jeusi lenye mgongo mwekundu, kama lile langu, akalipuliza vumbi. Ameandika tarehe, jina langu na kichwa cha barua, akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala zote. Moja imebaki kwangu.

Nikamuuliza nani kamruhusu kutumia buku. Akasema hakuna aliyemruhusu, alilikuta tu.

Wenu,
Karani mstaafu, kando ya Reli ya Kati